Mwaka Usiotajwa

Sippar, siku ya 12 ya mwezi wa Simanu, mwaka mfalme aliposimamisha sanamu mbili za shaba

Kwa Apil-Kubi mwandishi, mtaa wa Watu wa Kusini, Kish.

Baba yangu, Shamash, bwana wa jua, akuamshe kila asubuhi ukiwa na meno yako yote. Ni mimi Narubtum, yule mtumwa wa Eli-eressa kule Larsa, ambaye baadaye ulimfundisha kuandika huku ukimchapa vidole kwa tete la kuandikia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke.

Bibi yangu Eli-eressa amekufa. Alikufa tarehe tatu mwezi uliopita, usingizini, bila kusumbua mtu, yeye aliyetusumbua sote alipokuwa macho. Miaka kumi na tisa tangu tuikimbie Larsa nimemlisha, nimemvisha, nimempaka mafuta, kama ulivyoandika kwenye kibao changu cha uhuru. Nimemzika na kila mwezi ukiandama nitammiminia maji.

Siku ya saba ya msiba akatokea Shumum-libshi, mtoto wa kaka yake. Bila shaka unamkumbuka: shingo nene, anaongea huku anatafuna. Akakaa kwenye mkeka wangu, akala kitunguu changu, kisha akasema, "Wewe ni mali ya shangazi, na mrithi wa shangazi ni mimi. Funga mizigo yako na ya huyo binti yako."

Nikamwambia, "Shangazi yako alinisafisha paji la uso, akanigeuza kuelekea jua linapochomoza, akaniacha huru na kuniita binti yake. Basi mimi na wewe ni mabinamu. Ongeza mkate, binamu."

Akatema kitunguu chini. Sasa amekwenda kwa waamuzi wa lango la Shamash na kusema kibao changu ni cha uongo. Kibao ninacho, na ganda la udongo lililokifunika halina hata ufa. Waamuzi wanataka siku ya kumi ya mwezi wa Abu ganda lipasuliwe mbele yao, na aje shahidi yeyote aliye hai. Mashahidi walikuwa wanne. Watatu walibaki Larsa, chini ya kuta zilizoanguka. Umebaki wewe, uliyekiandika.

Nikishindwa, kinyozi atatunyoa nywele kitumwa, mimi na Rishatum. Rishatum ana miaka kumi na sita, ameposwa na mtoto wa mfuma magunia, kijana mzuri ijapokuwa anakoroma. Nani ataoa mtumwa wa Shumum-libshi?

Lakini mimi siogopi. Wakipasue. Nataka kuiona ile shingo ikinywea. Wewe njoo tu.

Narubtum, binti wa Eli-eressa


Kish, siku ya 25 ya mwezi wa Simanu, mwaka huohuo

Kwa Narubtum, Sippar, nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa wanawake wa hekalu la Shamash.

Binti yangu, nimesoma habari za bibi yako nikiwa nimesimama, kisha ikabidi nikae. Alikuwa mwanamke mgumu na mwadilifu, na ndiye pekee katika mtaa wetu aliyewahi kunirudishia kibao kwa sababu mistari ilipinda. Nimemmiminia maji mimi pia, hapa, juu ya udongo usiomjua.

Mwandiko wako umekuwa bora, isipokuwa unakandamiza tete kana kwamba unaua chawa. Udongo hauhitaji hasira.

Sasa kesi. Kesi yako ni nzuri, ila nisikilize kwa makini: usikubali ganda lipasuliwe. Maneno ya nje ndiyo maneno ya ndani, na nje kuna mihuri ya mashahidi wanne. Ganda huvunjwa pale tu maneno ya nje yanapotiliwa shaka. Waambie waamuzi kwamba anayedai ni Shumum-libshi, kwa hiyo aanze yeye kuapa mbele ya msumeno wa Shamash. Mtu mwenye uongo huogopa msumeno ule hata ukiwa umefunikwa kwa kitambaa. Shikilia hapo, usitoke hapo.

Kuja siwezi. Mwezi wa Abu maji ya mfereji hupungua na mashua hukwama, na miguu yangu imevimba kama viriba. Nakutumia chupa ya mafuta ya ufuta, na tende za hapa, ambazo si kitu mbele ya zetu, lakini ni tende.

Ganda lisipasuliwe.

Apil-Kubi mwandishi


Sippar, siku ya 9 ya mwezi wa Du'uzu

Kwa Apil-Kubi, Kish.

Baba, mafuta yamefika. Tende Rishatum amezimaliza. Sababu zako zimefika pia na sijui niziweke wapi.

Nilikwenda langoni kusema ulivyonifundisha. Karani wa waamuzi, mtu mpole tu, akanitazama akaniambia, "Mama, miaka thelathini niko hapa. Asiyetaka ganda lipasuliwe huwa anajua kilichomo." Nikaona aibu kama nimekamatwa na kuku wa jirani.

Halafu nikamuuliza Etel-pi, huyu mwenye mashua ya vitunguu anayebeba barua zetu, "Miguu ya mzee wangu ikoje?" Akacheka mpaka akashika boriti. Anasema kila siku unakwenda sokoni kwa miguu yako, unazunguka mabanda yote ya samaki, unagombana na kila mwenye banda, na unarudi nyumbani bila samaki. Anasema maji ya mfereji mwaka huu yamejaa.

Kwa hiyo umenidanganya mara mbili katika kibao kimoja, wewe uliyekuwa ukinichapa kwa kosa moja tu.

Nimekaa nikiwaza. Nimewaza kwamba Shumum-libshi amekufikia kabla yangu. Nimewaza kwamba siku ile ulikuwa umekunywa bia ukaandika jina la mwingine. Usiku nakitikisa kibao sikioni kama mtoto anayetikisa njuga. Hakisemi kitu.

Mimi nitasimama mbele ya waamuzi watano, na mwanangu ubavuni. Niambie ndani kuna nini.

Narubtum


Kish, siku ya 17 ya mwezi wa Du'uzu

Kwa Narubtum, Sippar. Isome peke yako.

Shumum-libshi hajanifikia, wala sikuwa nimekunywa. Maneno yote ya ndani ni sawa na ya nje. Jina ni lako. Tatizo liko kwenye mstari wa mwisho. Ndani kuna mwaka. Nje hakuna.

Unakumbuka wakati ule. Larsa ilikuwa imepata mfalme wake tena, baada ya miaka mingi chini ya Babeli. Ngoma zilipigwa mtaa wa wafua shaba siku tatu. Leo wanamwita mwasi, na mimi sibishani na watu wenye majeshi. Lakini wakati ule tulikuwa na mfalme, na mfalme, kama wafalme wote, alitoa jina la mwaka wake wa kwanza, nasi waandishi tuliandika jina hilo.

Bibi yako alikataa. Alisema, "Apil-Kubi, andika mwaka wa Babeli. Wafalme hawa wanapita na mimi nataka kibao cha binti yangu kibaki." Nikamjibu, "Bibi, mimi ni mwandishi wa Larsa, na Larsa ina mfalme." Nilikuwa na miaka hamsini na nne na kifua kilinijaa kama cha kijana. Kibao cha ndani nilikiandika na mwaka ule kwa herufi kubwa kuliko zilivyohitajika. Kesho yake, kilipokauka na ukafika wakati wa kukivika ganda, zilikuja habari kwamba askari wa Babeli wameonekana kwenye mfereji wa kaskazini. Juu ya ganda nikayaandika maneno yote, nikafika mwishoni, nikauacha mwaka. Ndani niliandika kwa fahari, nje nikaacha kwa woga. Nilikuwa mtu yule yule, usiku mmoja tu umepita.

Tangu hapo mwaka ule hautajwi. Hapa Kish tuko watu wa kusini mitaa miwili mizima, wa Larsa, wa Uruk, wa Uru, na hakuna anayeutaja. Ukimuuliza mtu aliolewa lini, atakuambia, "Zamani, maji yalipokuwa mengi." Mimi nilipoomba kazi ya uandishi hekaluni nilisema nilitoka Larsa kabla ya ngoma zile. Nimekula shayiri ya hekalu miaka kumi na minane juu ya maneno hayo. Nikija Sippar kusema kibao ni changu, nitakuwa nimesema na haya yote.

Nisamehe kwa miguu.

Pamoja na barua hii Etel-pi atakupa kifurushi cha kitani. Ndani yake kuna kibao kingine. Maneno ni yaleyale, ganda ni jipya, mihuri nimeiiga kwa mkono wangu na nimeiiga vizuri, na mwaka ni wa Babeli, ule wa kabla ya ngoma. Nimekikausha kwa moshi ili kionekane cha zamani. Kile cha kwanza kiloweke kwenye mtungi mpaka kiwe tope. Sijawahi kufanya jambo kama hili. Lakini mambo yote mengine niliyofikiria yanaishia kwa kinyozi.

Apil-Kubi


Sippar, siku ya 28 ya mwezi wa Du'uzu

Kwa Apil-Kubi, Kish.

Baba, kifurushi kimefika. Nimekiloweka kwenye mtungi mpaka kikawa tope, kama ulivyoagiza, ila nimekiloweka kile chako kipya. Tope lake nimeziba nalo ufa wa tanuri. Mkate wa leo umetoka mzuri kuliko wa jana, kwa hiyo kazi yako haikupotea bure.

Usifikiri nimefanya hivyo kwa wema. Nilikiweka mapajani asubuhi nzima. Nilimtazama Rishatum akifua nguo, nikakitazama tena. Ni kizuri. Hata mimi kingenidanganya.

Lakini fikiri pamoja nami, wewe unayejua sheria. Kile kipya kinasema nilikuwa huru siku ambayo sikuwa. Siku ile ya kweli naijua mimi. Bibi alinishika mabega kwenye uwanja wa nyuma, mikono yake inanuka kitunguu saumu, jua likanipiga machoni nikafumba, akanifokea, "Fumbua! Unataka Shamash asikujue?" Nikafumbua. Siku hiyo ndiyo siku yangu. Nikiiuza nikanunua nyingine, Shumum-libshi atakuwa amesema kweli: nitakuwa na kibao cha uongo.

Mfalme alikuwa nani, mimi sikumteua. Nilikuwa nafua.

Tarehe kumi nitakwenda langoni na kibao kile cha kwanza nami nitasema, pasueni. Wewe usije. Nasema kweli, bila kinyongo. Una shayiri yako na uzee wako, na ulinifundisha kuandika bila malipo. Nitasema mwandishi ana miguu mibovu. Uongo huo nitaubeba mimi.

Narubtum, binti wa Eli-eressa


Bandari ya Sippar, siku ya 11 ya mwezi wa Abu

Kwa kaka yangu Ili-iqisham, Babeli.

Kaka, ni mimi Shumum-libshi; mama asisomewe barua hii. Ninakaa juu ya furushi la sufu nikisubiri mashua, maana sitalala tena katika mji huu. Mwandishi huyu wa bandarini ninayemtajia maneno anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.

Tulikuwa tumeshinda, kaka. Waamuzi watano, msumeno wa Shamash mezani, na yule mwanamke kasimama na bintiye, kavaa kama anakwenda harusini. Mwamuzi mkuu, Nur-Kabta, akamuuliza shahidi wake yuko wapi. Akasema, "Ni mzee, bwana, miguu haimbebi. Lakini kibao hiki hapa. Pasueni."

Karani akaligonga ganda kwa nyundo ndogo, likadondoka vipande viwili. Akasoma. Binti, paji la uso, jua linapochomoza, amlishe mpaka kufa, yote sawa na nje. Akafika mwishoni akainua macho.

Nur-Kabta akamwambia, "Soma."

"Bwana, ni mwaka."

"Mwaka una nini? Soma!"

Akausoma. Mwaka wa yule mwasi wa Larsa! Watu wote langoni wakageuka, hata wauza samaki. Nikasema papo hapo, na nilisema vizuri, ungejivunia: "Mabwana, mwaka huo haupo. Mfalme wetu ameufuta. Kilichoandikwa katika mwaka usiokuwepo hakikuandikwa." Mwamuzi mmoja akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona.

Mara sauti ikatoka nyuma ya watu: "Nani anasema haupo? Mbona mimi nilikuwemo?"

Akaja mzee, mkavu kama kuni, ameshikwa mkono na mwenye mashua fulani, wote wawili wananuka vitunguu. Yule mwanamke alipomwona akasema kwa sauti, "Nilikuambia usije!" Mzee akamjibu, "Na mimi nilikuambia lisipasuliwe. Leo hakuna anayemsikiliza mwenzake." Watu wakacheka, na waamuzi pia.

Akasema, "Mimi ni Apil-Kubi wa Larsa. Kibao hicho nilikiandika mimi, na mwaka huo niliuandika kwa kupenda kwangu. Huyu mwanamke siku hiyo alikuwa hajui hata herufi moja, na ganda likafungwa. Kama kuna kosa, ni la tete langu." Nur-Kabta akamuuliza kama anajua anayasema mbele ya nani. Akasema, "Najua, bwana. Ndiyo maana sinong'oni." Akaweka mkono juu ya msumeno, akaapa.

Nami nikasema, "Basi mwasi huyo hapa! Mkamateni!"

Hapo akanigeukia, kaka, kwa upole kabisa. "Shumum-libshi, mkeo hajambo?"

"Hajambo."

"Mlioana lini?"

Nikasema, "Zamani. Maji yalipokuwa mengi."

"Mlioana mwezi wa Tashritu, mwaka huohuo. Kibao cha ndoa nilikiandika mimi. Baba yako alinipa kondoo mwenye jicho moja, akaniapia kwamba ana mawili."

Lango lote likacheka. Nur-Kabta hakucheka. Akaniuliza nina wana wangapi. Nikasema wanne. Akasema, "Mwanamke asiye na kibao cha ndoa si mke. Hilo unalijua. Ikiwa kilichoandikwa mwaka ule hakikuandikwa, mama wa wana wako si mkeo, na wana wanne sijui niwaite nani. Sasa fikiri taratibu, kisha uniambie, mwaka ule ulikuwepo au haukuwepo?"

Wewe ungesema nini? Wewe hujaoa, unaweza kucheka.

Nikasema ulikuwepo. Akaniambia niseme kwa sauti, wa nyuma hawajasikia. Nikapiga kelele, "Ulikuwepo!"

Akasema, "Asubuhi ile Shamash alichomoza na akauona uso wa mwanamke huyu. Sisi hatuulizi nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi." Wakahukumu. Ni huru, yeye na bintiye, na nyumba ni yake. Nimelazimishwa kuandikiwa kibao cha kutodai tena, na kwa kuwa muhuri wangu niliuacha nyumbani nimekandamiza pindo la nguo yangu kwenye udongo. Pindo limechafuka. Wakati natoka yule mwanamke akaniambia, "Msalimie wifi."

Neno moja tu la faraja. Mtu wa ikulu alikuwepo. Alimuuliza yule mzee jina mara mbili, na mtaa anaokaa Kish. Akamjibu mara zote mbili, na akamwelekeza njia.

Shumum-libshi


Kish, siku ya 4 ya mwezi wa Arahsamna

Kwa Narubtum, binti wa Eli-eressa, Sippar.

Binti yangu, barua zako tatu zimefika kwa mpigo, kwa sababu Etel-pi alizisahau chini ya vitunguu. Ya kwanza ina hasira, ya pili ina machozi, ya tatu inaniamuru nihamie Sippar kabla mvua hazijaanza. Nazijibu zote pamoja.

Ndiyo, watu wa ikulu walikuja. Walikuwa wawili, na walinisikiliza vizuri. Hawakunipiga. Jina langu limefutwa katika orodha ya waandishi wa hekalu, na shayiri imekatwa. Karani mkuu, niliyemfundisha mimi, hakuweza kunitazama, kwa hiyo nikamsaidia kutafuta mstari wenye jina langu. Nilidhani nitaumia zaidi. Miaka kumi na minane nimeulizwa nimetoka wapi nami nimejibu kwa kukwepa. Sasa nikiulizwa najibu, halafu naendelea kula.

Nyumba yenu nzuri, na chumba kile unachosema kinapata jua la asubuhi, nisingevikataa kwa kiburi. Harusi ya Rishatum nitakuja, na nitaandika mimi mwenyewe kibao chake cha ndoa. Mwambie mchumba asikorome mbele yangu. Lakini kuhamia siwezi, na safari hii sababu si miguu. Nina kazi.

Siku ya pili baada ya mimi kurudi kutoka kwenye hukumu yenu, alfajiri, alikuja mfinyanzi wa Uruk anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miaka yote hii tunasalimiana kuhusu hali ya hewa. Alikuwa amefunga kitu kwenye nguo. Akaniuliza, "Ni kweli walisema ulikuwepo?" Nikasema ni kweli, nilisikia kwa masikio yangu. Akafungua nguo. Ni kibao cha kumlea mwanawe wa kupanga, mwaka uleule. Alikuwa amekizika chini ya sakafu, chini ya kitanda, na mtoto mwenyewe ana ndevu sasa na hakuwahi kuonyeshwa.

Tangu siku hiyo wanakuja. Wanabomoa sakafu, binti yangu. Mtaa mzima unasikika majembe. Wengine vibao vyao vimeliwa na chumvi, nami navilowanisha kwa kitambaa, polepole, mpaka maneno yatokee. Udongo wa Larsa ukilowa una harufu yake, ya magugu na kaa wa mtoni. Nilikuwa nimeisahau. Jana ilijaa chumbani hata nikashindwa kusoma kwa muda, nikamwambia mwenye kibao kwamba ni macho.

Wengi hawana kesi yoyote. Wanataka tu kusomewa kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Leo asubuhi amekuja mama mmoja wa umri wako, pamoja na mumewe. Mume amebaki kizingitini, ananung'unika, "Nimemwambia miaka ishirini. Nimemwambia!" Mama amenijia moja kwa moja. Ameweka kibao mapajani pangu, hakuniangalia usoni, akauliza, "Mwandishi, mimi ni mke?"

Nikakisoma mpaka mwisho, na mwaka nikautaja. Kisha nikamwambia, "Wewe ni mke tangu siku hiyo. Kaa hapa karibu yangu, na huyo mumeo aingie ndani, nikusomee tena."

Apil-Kubi wa Larsa